Je, Kukubali Hospisi ni Kumtupa Mgonjwa?



Swali hili tunaulizwa mara nyingi, na karibu kila mara kwa sauti ya chini, pale mlangoni baada ya ibada, watu wakitafuta makoti yao. Daktari amesema matibabu ya kuponya yamefika mwisho. Ametaja neno hospisi. Familia imerudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyepokea barua ya mahakama. Mmoja anasema tusaini. Mwingine anasema kusaini ni kumtupa mama. Wa tatu yuko Lubumbashi au Mwanza, kwenye simu, naye anauliza huko Marekani mmekuwa watu wa namna gani.

Lawama hiyo ni nzito, wala hatutaki kuipuuza. Mtu aliyelelewa kwetu anajua kwamba yako makosa machache makubwa kuliko kumwacha mzazi wako mikononi mwa watu baki. Kwa hiyo tuliangalie swali kwa haki: mtu akikubali huduma hii, amevunja wajibu wake au hakuuvunja?

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kwa wengi wetu hospisi inasikika kama hospitali, tukadhani ni jengo ambako mgonjwa anapelekwa. Majengo yapo, lakini hapa Marekani mara nyingi hospisi ni watu wanaokuja nyumbani kwako: nesi, msaidizi wa kumwogesha mgonjwa, afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa kiroho na watu wa kujitolea, wote wakifanya kazi pamoja na daktari. Wanaleta kitanda cha hospitali, oksijeni, kiti cha magurudumu, dawa za maumivu. Wana simu inayopokelewa usiku na mchana. Medicare ilianza kulipia huduma hii mwaka 1983, kwa sharti kwamba madaktari wawili wathibitishe kuwa ugonjwa ukienda mwendo wake wa kawaida, mgonjwa hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 6. Akiishi zaidi hafukuzwi. Anapimwa upya, na huduma inaendelea maadamu hali yake bado ni ile. Akibadili mawazo na kutaka kurudi kwenye matibabu, anasaini karatasi ya kujitoa siku yoyote. Hilo la mwisho watu wengi hawaambiwi, au wanaambiwa kwa Kiingereza cha haraka.

Sasa angalieni jambo ambalo aliye kwenye simu halioni. Hakuna kati ya watu hao anayekaa na mgonjwa siku nzima. Nesi anakuja mara chache kwa wiki, zaidi mambo yakiwa mabaya. Msaidizi wa kuogesha anakaa kama saa moja, kisha anaondoka kwenda nyumba nyingine. Saa zote zinazobaki ni zako. Anayedhani hospisi itamchukua mama yake kutoka mikononi mwake hajaiona hospisi ikifanya kazi. Kama kuna lawama ya kuitolea, pengine ni kwamba inaiachia familia mzigo mwingi, siyo kwamba inauchukua wote.

Historia ya huduma hii inatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa sababu ilianza kitandani pa mhamiaji. Mwaka 1948, katika hospitali moja ya London, alikuwa anakufa kwa saratani mwanamume aliyeitwa David Tasma, Myahudi kutoka Warsaw aliyekuwa akifanya kazi ya kuhudumu mezani hotelini. Hakuwa na jamaa wa kumuuguza. Aliyemtembelea alikuwa Cicely Saunders, wakati huo mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, ambaye kabla ya hapo alikuwa amesomea uuguzi. Walizungumza sana juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufia, mahali ambapo maumivu yangetulizwa na mtu angesikilizwa. Tasma alipokufa alimwachia pauni 500 ili awe dirisha katika nyumba hiyo, nyumba ambayo bado haikuwapo. Saunders alikwenda kusomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's kusini mwa London. Dirisha la Tasma lipo hadi leo.

Saunders alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa hayako mwilini tu. Yako moyoni, yako katika familia na fedha, yako katika roho, na ukitibu moja ukaacha mengine hujamtuliza mtu. Ndiyo maana kikundi kile kina afisa ustawi wa jamii na mhudumu wa kiroho pamoja na nesi. Mgonjwa anayekesha akiwaza kodi ya nyumba atalipa nani hasaidiwi na kidonge peke yake.

Turudi kwenye wajibu. Kiswahili chetu kinatofautisha kutibu na kuuguza. Kutibu ni kazi ya tabibu. Kuuguza ni kazi ya mwenye mgonjwa: kukesha, kulisha, kugeuza ubavu, kufua, kupokea wageni, kusema "amelala" au "leo ameamka vizuri". Jina la muuguzi tumelipeleka kwa manesi wenye sare, lakini kabla ya sare kila nyumba yenye mgonjwa ilikuwa na muuguzi wake. Wajibu tunaouzungumzia ni huo wa kuuguza, na ni wajibu wa kweli.

Lakini ulibebwa na nani? Kumbukeni vizuri. Bibi alipougua kijijini, binti mmoja alichota maji, mwingine alipika, mke wa mjomba aliogesha, vijana walimbeba hadi kivulini, jirani alileta uji, watoto walitumwa dukani, na wazee walikaa barazani ili mgonjwa asikie sauti za watu. Hakuna aliyesema nimemuuguza bibi peke yangu. Hapa tumekuja na amri ileile ya kumheshimu mzazi, lakini watu wa kuitimiza wamebaki nyumbani. Mahali pa watu kumi na wawili yupo dada mmoja anayefanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, akiogesha wazazi wa watu wengine kwa mshahara, kisha anarudi saa moja asubuhi kumwogesha mama yake. Na mara nyingi sana ni dada au mkwe wa kike. Kaka zake wanachangia ushauri. Anayesema "sisi hatuwaachii wageni wazee wetu" aangalie kwanza huyo "sisi" ni nani. Mara nyingi ni mwanamke mmoja aliyechoka.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Mila yetu haikudai kamwe kwamba mtoto afanye yote kwa mikono yake. Ilidai kwamba mgonjwa asikose mikono, na mtoto asikosekane. Kukaribisha mikono mingine mahali ambapo ile ya ukoo haipo ni kuitunza mila, hata kama mikono hiyo ina glavu za plastiki na haijui kusema shikamoo.

Mtu anaweza kutujibu kwamba kumwogesha mzazi ni zaidi ya kazi. Mle ndani ya kuogesha mna upendo, na upendo haukodishwi. Tunakubali, na kwa anayeweza, aogeshe. Lakini katika makabila mengi tuliyomo humu, baba haogeshwi na binti yake, wala mama mkwe hamwoni mkwewe wa kiume akimvua nguo. Kwetu kijijini haya hizo zilizingatiwa kwa sababu watu walikuwa wengi; alipatikana wa kufaa. Katika nyumba ya vyumba viwili hapa, yuko binti tu. Hapo mgeni anayejua kazi yake, anayefunika taulo panapotakiwa na kuzungumza juu ya mpira huku akiosha, anamhifadhia mzee heshima ambayo upendo wa binti ungemnyima. Familia inaweza kuomba msaidizi wa kiume kwa mzee wa kiume. Si kila mara anapatikana, lakini ombi hilo si utovu wa adabu. Semeni mapema, siku ile ya kwanza nesi anapokuja na maswali yake mengi.

Yako pia mambo ambayo hatuwezi kumkabidhi mgeni yeyote, hata awe mwema kiasi gani. Hawezi kumwita mama kwa jina lake la utotoni. Hawezi kuomba msamaha kwa ajili ya ugomvi wa shamba wa miaka ishirini. Hawezi kupiga simu kwa mama mkubwa na kuiweka kwenye sikio la mgonjwa wakati maneno ya mgonjwa yamekwisha. Huduma nzuri ikifika inatupatia muda wa hayo, kwa sababu hatukimbizani tena na dawa na mashuka. Na hapa ndipo tunapoona kutupwa kwa kweli kunakoweza kutokea: watu wamepokea kitanda, oksijeni na nesi, kisha wote wamekaa sebuleni na simu zao.

Suala la ukweli ni gumu zaidi, na humu kanisani hatukubaliani wote. Familia nyingi hazitaki mgonjwa aambiwe. Wanasema kumwambia mtu atakufa ni kumvunja moyo, na pengine ni kumtamkia laana. Kwa hiyo kijana wa miaka kumi na tatu, ambaye Kiingereza chake ndicho kizuri nyumbani, anatumwa kutafsiri, na kwa kutaka kuwatii wakubwa anatafsiri nusu. Sisi tunaona jambo hilo ni baya kwa mgonjwa na ni baya zaidi kwa kijana. Mtoto huyo anaambiwa habari za kifo cha bibi yake kabla ya mtu mwingine yeyote, kisha anaagizwa azifiche. Sheria ya hapa inazitaka taasisi za afya zinazopokea fedha za serikali kuu zitoe mkalimani bila malipo, na haziruhusiwi kumtegemea mtoto mdogo isipokuwa kwa dharura. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, na kama kilichopo hakieleweki, kama ni cha Kenya nanyi ni wa Kivu, au mgonjwa anasikia Kinyarwanda au Kibembe vizuri zaidi, semeni hivyo.

Lakini je, mgonjwa lazima aambiwe kila kitu? Hatusemi lazima. Wako wazee wanaosema wazi, "Mwanangu, hayo zungumza na daktari wewe." Huo ni uamuzi wake na ni halali hata kwa sheria za hapa: mtu anaweza kumteua wa kupokea habari kwa niaba yake. Kosa ni kumwamulia bila kumuuliza. Swali lipo, na linaulizika kwa upole: "Baba, majibu ya daktari yakija, ungependa uyasikie wewe mwenyewe, au tuyapokee sisi?" Mtu mzima aliyevuka mipaka mitatu na kulea watoto saba kambini anaweza kujibu swali hilo.

Wanaosema kuambiwa ukweli ni kuua imani wamkumbuke Hezekia. Isaya hakumzunguka, alimwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa. Hezekia akageukia ukutani, akalia, akaomba, na akaongezewa miaka 15. Aliomba kwa sababu aliambiwa. Na Isaya huyohuyo aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi, ukweli na dawa vilikaa chumba kimoja. Hatuahidi mtu yeyote miaka 15. Tunasema tu kwamba anayesaini hospisi bado anaweza kuombewa apone, na tunaendelea kumwombea. Hakuna karatasi ya Medicare inayomfunga Mungu mikono.

Juu ya morfini tutasema kwa kifupi, maana hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Ikitolewa kwa kipimo sahihi kutuliza maumivu, morfini haimwui mgonjwa. Ugonjwa ndio unaomwua. Wala si ujanja wa wazungu. Uganda wanayo morfini ya maji, ya kunywa kwa kipimo, tangu Hospice Africa Uganda ilipoanza Kampala mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi hiyo iliruhusu manesi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, ili mgonjwa wa kijijini asife akilia kwa kukosa daktari. Wapo pia wanaodhani kwamba kutuliza ni kufupisha maisha. Mwaka 2010 madaktari wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipewa mapema tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mashaka, pamoja na matibabu yao ya kawaida. Hao waliishi kwa kipimo cha kati miezi 11.6, na wenzao miezi 8.9. Hiyo ilikuwa tiba shufaa iliyoambatana na matibabu, siyo hospisi yenyewe, kwa hiyo tusiibebeshe zaidi ya inavyoweza. Lakini hakuna aliyeharakishwa kwa kutulizwa.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako dhamiri zetu zinapimwa kwa ukali zaidi. Mtu akifariki humu, kundi la simu linawaka. Ndani ya siku chache maelfu ya dola yamepatikana ya kusafirisha mwili, na watu wanaendesha magari saa kumi kuja msibani. Ni jambo jema, na wengine wanatuonea wivu kwa hilo. Lakini wiki sita kabla ya hapo, mke wa marehemu alikuwa anaomba mtu mmoja wa kukaa na mgonjwa Jumanne mchana ili aende kazini asifukuzwe, na simu ilikuwa kimya. Mchango wa mwili una daftari, mweka hazina na kiwango. Mchango wa pumzi hauna hata jina.

Yakobo alikufa ugenini, Misri, baada ya kuishi huko miaka 17, na aliapisha mtoto wake kwamba atamrudisha akazikwe na baba zake. Wengi wetu tunaijua hadithi hiyo kwa sababu ya safari ya mazishi. Tunasahau safari ya kwanza: Yusufu alipoambiwa baba yako ni mgonjwa, alichukua wanawe wawili akaenda, na mzee akajitia nguvu akaketi kitandani. Aliwashika wajukuu, akawabariki. Safari zote mbili zilifanywa na mtu mwenye kazi kubwa, ambaye hata yeye ilibidi aombe ruhusa kwa Farao ili akazike. Na waliouhudumia mwili wa Yakobo walikuwa matabibu wa Kimisri, watu wa dini nyingine na lugha nyingine. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Yusufu alimtupa baba yake.

Kuhusu ruhusa ya kwetu: sheria ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi hadi wiki 12 bila mshahara kumuuguza mzazi, mwenzi wa ndoa au mtoto, kama ametimiza miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri huyo, na mwajiri ana wafanyakazi 50 au zaidi. Shangazi hayumo. Baba mdogo hayumo. Lakini mtu aliyekulea utotoni mahali pa mzazi anahesabiwa mzazi, na wengi wetu tulilelewa na shangazi au bibi baada ya vita kututawanya. Elezeni hivyo kazini, kwa maandishi, na mwombeni afisa ustawi wa jamii wa hospisi awasaidie kujaza fomu. Ni sehemu ya kazi yake. Mwulizeni pia kuhusu mapumziko ya muuguzi wa nyumbani: Medicare inaruhusu mgonjwa apelekwe kwenye kituo hadi siku 5 mfululizo ili anayemtunza alale. Tulimwona dada mmoja akiikataa nafasi hiyo mara mbili kwa kuogopa maneno ya watu. Maneno hayo yalikuwa ya watu wa kwetu, na baadhi yao hawakuwahi kuingia chumbani mwa mgonjwa.

Liko jambo moja zaidi. Hospisi haiondoki siku ya kifo. Kwa mwaka mzima baada ya hapo inapaswa kuwapatia wafiwa huduma: barua, simu, mtu wa kuzungumza naye, wakati mwingine kikundi cha waliofiwa. Sisi tuna matanga na arobaini, na siku hizo tunajua kujaza nyumba. Baada ya arobaini sufuria zinarudishwa kwa wenyewe na mjane anabaki na kiti kitupu. Mwezi wa saba, simu inayolia kumwuliza amelalaje inatoka kwa mgeni wa hospisi, kwa Kiingereza, na mjane anajibu "okay" kwa sababu ndilo neno analolijua. Mjane mmoja alituuliza kama ni dhambi kwamba anaingoja simu hiyo. Tulimwambia si dhambi, aipokee, na aombe mkalimani ili aseme yote aliyo nayo. Kisha akatuuliza kwa nini sisi, tunaokijua Kiswahili chake, hatupigi.

Daftari la zamu liko mezani karibu na mlango wa kutokea. Kwa sasa lina nyumba tatu zenye wagonjwa na wafiwa wanne. Nafasi za Jumanne na Alhamisi mchana bado ziko wazi.